Sikuwa nakwenda Ujiji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na shikamoo yako nimeipokea. Marahaba, mama. Umeniuliza jambo ambalo wadogo zako hawajathubutu kuliuliza: mwaka ule, wiki mbili tu baada ya arobaini ya mama yenu, nilipochukua likizo nikafunga begi nikaenda Bagamoyo kuanza kutembea kwa miguu, nilikuwa nakimbia nini? Na mbona niliaga naenda Ujiji nikaishia njiani? Halafu chini kabisa, kama mtu anayepitisha jambo dogo, ukaandika kwamba mwezi wa saba na wewe unataka kuishika njia hiyo, peke yako, upate kujifikiria. Nitajibu, ila usinidai mpangilio.

Wakati ule niliwaambia ni mambo ya historia, na haukuwa uongo mtupu. Miaka yote ya ugadi wa treni nililala na kuamka kwenye Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa walikuwa wanafuata nyayo za misafara ya zamani ya biashara: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, hadi Ujiji, kilomita kama 1,200. Nchi ile niliipita mara zisizo na idadi, nyingi usiku, taa mkononi, na sikuwahi kuikanyaga. Sababu hiyo niliweza kuisema mbele ya shangazi zenu. Ya pili sikuweza.

Pale Bagamoyo nilianzia misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani. Mwili wa Livingstone ulilazwa humo usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Sifa wanapewa wazungu, lakini mimi niliwawaza Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika. Mzee yule alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi tunayoiita sasa Zambia. Wao na wenzao wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, Tabora hiyo, walimkuta Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike palepale yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo, penye watu wasiotaka maiti ipite nchini kwao, wakauzungushia vitambaa ukafanana na mtumba wa kawaida wa nguo, na mzigo wa uongo wakaurudisha nyuma ili watu waamini maiti imerudi. Nilisimama chini ya mnara ule muda mrefu hata mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Kuhusu huko kuwa peke yako, nisikudanganye. Njia ile haikuzoea mtu mmoja. Wanyamwezi walishuka pwani kwa mamia, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, ngoma na tarumbeta, kila mpagazi na frasila zake mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30, kwa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kwao kijana hakuhesabika mtu mzima mpaka ameiona bahari. Wengine walipita njia hiyohiyo shingo zao zimefungwa pamoja, na hao hawakuwa na la kuchagua. Begi langu lilikuwa na kilo 11, nami nililalamika tangu Ruvu, mto ambao misafara iliuita Kingani. Siku ya nne malengelenge yalipasuka nikavaa kandambili hadi nilipopata raba za mtumba sokoni.

Na hata ukitaka upweke, watu hawakupi. Kila kijiji ni lazima umwone mwenyekiti au mtendaji na barua yako ya utambulisho, ukae, unywe chai, uulizwe ukoo wako. Ukisema unatembea tu, wanatazamana. Mzee mmoja karibu na Mamboya aliniuliza kwa upole kama nimeporwa nauli. Kesho yake akamtuma mjukuu wake anisindikize, na kijana huyo, baiskeli yake imesheheni mkaa, alinisimulia habari za mpira tangu asubuhi hadi jua la utosi. Tafakari yenyewe ilikuja kwa vipande, robo saa hapa, robo saa pale, mara nyingi nikiwa nimeinama nafunga kamba za raba.

Sasa sababu ya pili. Usiku ule mama yenu alipozidiwa, mnajua nilikuwa kazini, narudi kutoka Tabora. Msilolijua ni kwamba treni ilisimama Gulwe, stesheni ya karibu na Mpwapwa. Ilikuwa masika, mto Kinyasungwe umefurika, maji yamekula tuta. Tulikaa pale kwa muda wa saa kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa napita mabehewa nikiwatuliza abiria, nawaambia tutaondoka sasa hivi, huku simu yangu imeisha chaji. Nilipofika Morogoro mlikuwa mmeshamwosha.

Kwa hiyo sikuwa nakwenda Ujiji. Nilikuwa nakwenda Gulwe. Nilitaka kupafika mahali pale kwa miguu yangu, bila kumngoja mtu wala maji. Siku ya 19 niliingia Mpwapwa, nikalala, asubuhi nikaiacha njia ya misafara nikashuka stesheni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, watoto wanafukua visima humo. Nikakaa kwenye reli mpaka jioni. Kisha nikarudi nyumbani.

Wewe nenda. Toka mapema, kabla ya umande kukauka, na saa tano uwe umeshapumzika, kama wapagazi walivyofanya. Kuanzia Mpwapwa sipajui kwa miguu. Najua tu mbele ya Chunyo kuna nyika waliyoiita Marenga Mkali, maji machungu, na hapo ndipo walipopiga tirikeza: wanaondoka alasiri, wanalala bila maji, wanayafikia kesho yake. Wewe usijaribu bila mwenyeji. Huko Ugogo watemi waliwatoza wapita njia nguo kwa maji na ruhusa, na malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Unaona neno lilivyopanda cheo hadi likapata ofisi.

Jambo moja zaidi. Ile kanga ya mama yenu ya zambarau, mliyoitafuta siku ya kugawana nguo zake hadi mkamshuku mama mdogo, niliichukua mimi. Ilikuwa chini kabisa ya begi, nimeizungushia shati la kazi. Muombe mama mdogo radhi kwa niaba yangu. Kanga iko ndani ya sanduku langu, bado inanuka moshi wa kuni wa Mpwapwa.

Baba yako