Injini ya Altezza iliyonoki: 1G nyingine au 2JZ?

Mkuu, salama? Umesema Toyota Altezza yako AS200 ya 2000 imenoki, yaani injini imekufa, unasita kati ya 1G-FE nyingine (injini ya lita 2 kama iliyokuwamo) na 2JZ-GE (ya lita 3). Kama ni gari la foleni za Barabara ya Mandela, Dar, kila siku, rudisha 1G, ila iwe ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa vali kufunguka). Zile za zamani waya hazioani. Ukitaka nguvu, tafuta 2JZ-GE ya Altezza Gita AS300 (ile ya wagon), Toyota wenyewe waliifunga humo. Ichukue na gia boksi, waya zote na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake, maana kwenye waya ndiko mafundi hukwama. Pale Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, usilipe kabla ya kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote sita: zikipishana zaidi ya psi 14, iache. Fungua na kifuniko cha oili. Ukikuta ute mweupe kama maziwa, huenda maji yameshaingia kwenye oili. Ukishafunga, namba ya injini ikabadilishwe kwenye kadi ya gari, TRA (Mamlaka ya Mapato).