Koblenz kwa gari la kukodi: mtoni panda treni, milimani shika usukani

Ukiniuliza kuhusu Koblenz, mji wa Ujerumani kando ya mto Rhine, nitakwambia kodi gari, ila usilikodi kwa ajili ya Koblenz yenyewe. Wala usilikodi kwa ajili ya mto Rhine. Wengi wanaotoka kwetu kwenda kutembelea ndugu Ujerumani huchukua gari palepale uwanja wa ndege wa Frankfurt, wakakaa nalo wiki nzima, na nusu ya siku hizo limelala kwenye jengo la maegesho likila euro. Mimi nashauri ufike kwa treni, mji uutembee kwa miguu, kisha ukodi gari kwa siku mbili tatu tu, kwa ajili ya milima iliyo nyuma ya mito. Huko basi hupita kwa nadra, na huko ndiko utamu ulipo.

Kutoka uwanja wa Frankfurt zipo treni za moja kwa moja hadi Koblenz, na safari haifiki saa moja na nusu. Angalia tu usipande ile ya kasi inayokwenda Köln kupitia Montabaur. Hiyo itakuonyesha mahandaki. Unayoitaka inapita Mainz na Bingen. Kaa upande wa kulia. Ukishaiacha Bingen, reli inaambaa na Rhine mpaka ufike, na kila ukigeuza shingo kuna ngome juu ya kilima. Bonde hilo liliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2002, na aliye kwenye treni huliona vizuri kuliko dereva, ambaye macho yake yako kwenye kona na kwa waendesha baiskeli.

Mji wenyewe ni mdogo. Mto Mosel unaingia Rhine pale panapoitwa Deutsches Eck, na juu ya ncha hiyo ya nchi kavu amekaa Kaisari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi, mkubwa kupita kiasi. Sanamu ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1897, ikabomolewa na mizinga ya Wamarekani mwaka 1945, na hii ya sasa ni nakala iliyowekwa mwaka 1993. Watalii wanapiga picha, wanakula aiskrimu. Mtanzania ana sababu ya kumtazama mara mbili: ndiye aliyetia saini, Februari 1885, hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters nguvu juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Hakuna kibao pale kinachosema hivyo. Nilisimama kidogo, nikaendelea na safari yangu.

Ng'ambo ya Rhine iko ngome ya Ehrenbreitstein. Unavuka kwa vibehewa vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, vilivyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya bustani ya mwaka 2011 na watu wakavipenda hata vikabaki. Hapa nina siri ndogo kwa mwenye gari: kule juu ngomeni kuna maegesho. Badala ya kuhangaika na vichochoro vya mji wa kale, acha gari juu, shuka kwa kamba, kula chakula chako cha jioni, lakini kwanza soma kibao cha saa ya kibehewa cha mwisho.

Sasa kukodi. Ofisi zilizo mjini, tofauti na za uwanja wa ndege, nyingi hufungwa Jumamosi mchana na Jumapili hazifunguliwi kabisa. Panga kuchukua gari siku ya kazi asubuhi. Beba leseni yako halisi, kibali cha kimataifa cha udereva ulichokitoa nyumbani kabla ya kuondoka, pasi ya kusafiria, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Hili la kadi limewakwamisha wengi. Ile kadi ya kawaida ya benki, hata iwe na pesa za kutosha, kampuni kadhaa hazitaki kuitumia kushikilia amana, na kadi ya mjomba anayekusubiri hotelini haikusaidii. Kama mmezoea gia za otomatiki, andika hivyo tangu siku ya kuweka nafasi, kwa sababu magari ya bei nafuu mara nyingi ni ya gia za mkono. Mwenye watoto aombe na viti vyao mapema; aliye chini ya miaka 12 na hajafika sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake.

Mezani utabembelezwa uongeze bima. Swali la kuuliza ni moja: gari likikwaruzwa, mimi nalipa kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa? Kama jibu ni mamia ya euro na barabara unazokwenda ni nyembamba, ongeza. Mimi huongeza. Gari kubwa zaidi "kwa nyongeza ndogo tu" nalo litatajwa, na hilo likatae. Vijiji vya Mosel vilijengwa kwa ajili ya mikokoteni.

Kuendesha upande wa kulia si kazi ngumu kama watu wanavyotishana. Dakika za kwanza utataka kuonyesha indiketa na utawasha waipa, basi. Kinachohitaji akili ni mambo mengine. Kwenye makutano yasiyo na taa wala kibao, anayetokea kulia kwako anapita kwanza, hata kama anatoka kwenye uchochoro na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Kibao cha njano chenye jina la kijiji maana yake ni kilomita 50 kwa saa kuanzia hapo. Hawakuwekei kingine cha kukukumbusha. Jina likikatwa mstari mwekundu, umetoka kijijini na unaruhusiwa 100, ingawa kwenye zile kona za milima ya Hunsrück mwenye busara haendi 100. Tochi zao hazishikwi na askari aliyejificha kichakani unayeweza kuzungumza naye. Ni kamera, na picha inakwenda kwa kampuni ya gari, ambayo inawapa polisi jina lako na kukukata ada ya usumbufu juu ya faini.

Kwenye Autobahn kuna vipande visivyo na kikomo cha mwendo. 130 ndiyo inayopendekezwa. Kaa njia ya kulia, ya kushoto ni ya kupita tu, na usimpite mtu kwa upande wa kulia. Foleni ikianza kusimama, walio njia ya kushoto kabisa wanasogea kushoto na wengine wote kulia, katikati panabaki njia ya gari la wagonjwa. Hawasubiri king'ora ndipo wasogee.

Siku ya kwanza ya gari ningeipeleka Burg Eltz, kama kilomita thelathini kutoka mjini. Kasri hili limekuwa mikononi mwa ukoo uleule kwa zaidi ya miaka 800 na halijawahi kubomolewa vitani, jambo adimu ukanda huu ambako Wafaransa walilipua ngome nyingi mwaka 1689. Wazee wa Kijerumani wanalijua kwa picha yake kwenye noti ya zamani ya mark 500. Gari unaliacha juu kwenye maegesho ya kulipia, unashuka kwa miguu au kwa basi dogo, na kasri linatokea ghafla chini bondeni, limezungukwa na msitu na kijito. Ndani huingii ila na mwongozaji, na picha haziruhusiwi. Majira ya baridi hufungwa. Nenda asubuhi lango linapofunguliwa. Mchana maegesho hujaa, na kukwea kurudi juu jua likiwa kali si mchezo.

Kutoka hapo shuka Cochem, mji ulio kando ya Mosel, utembee nusu saa, uangalie kwenye kuta alama za mafuriko zilizochorwa na miaka yake, kisha panda Hunsrück hadi kijiji cha Mörsdorf. Kuna daraja la miguu linaloning'inia, Geierlay, lenye urefu wa mita 360 na kimo cha mita 100 hivi juu ya bonde. Lilifunguliwa mwaka 2015. Kuvuka ni bure, unalipia maegesho kijijini na kutembea kama kilomita mbili kupita mashambani. Linayumba. Mke wangu alifika katikati akarudi, na sikumlaumu.

Siku ya pili elekea upande wa milima ya Eifel, Laacher See. Ni ziwa lililojaa shimo la volkano iliyolipuka miaka kama 13,000 iliyopita, na ukitembea ufuo wa mashariki utaona mapovu yakipanda, hewa ukaa inayotoka chini bado. Kando yake kuna abasia ya Maria Laach, iliyoanzishwa mwaka 1093, ya Wabenedikto. Aliyekulia jirani na Peramiho au Ndanda atajisikia kama anaijua, ingawa Wabenedikto wa huku ni tawi jingine. Mchana geuza kusini, uteremke St. Goar kando ya Rhine, na hapo ndipo gari linapopata haki yake mtoni: kati ya Koblenz na Mainz hakuna daraja hata moja juu ya Rhine, unavuka kwa pantoni. Unaingia na gari, mkusanyaji anakuja dirishani, dakika chache umeshafika St. Goarshausen. Beba fedha taslimu. Panda juu ya mwamba wa Loreley, mita 132 za jiwe, halafu urudi Koblenz kwa barabara ya B42 ukipitia Braubach chini ya ngome ya Marksburg.

Kuhusu mvinyo: Riesling ya Mosel inastahili sifa zake, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mtu wa Dodoma atashangaa wanavunaje. Kikomo cha pombe kwenye damu ya dereva ni 0.5 kwa elfu, na kwa mwenye leseni changa ni sifuri. Nunua chupa, weka kwenye buti, ukanywe hotelini.

Kabla ya kurudisha gari jaza tenki kituo cha karibu na ofisi na utunze risiti. Hakuna mhudumu wa kukujazia. Soma ndani ya kifuniko cha tenki kama ni dizeli au Super, yaani petroli, jaza mwenyewe, kumbuka namba ya pampu, ingia ndani ulipe. Kama ofisi imefungwa na ufunguo unaudumbukiza kwenye sanduku, piga picha za pande zote nne, rimu, kioo cha mbele na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Usizifute picha hizo mpaka amana irudi kwenye kadi, na barua ya kamera inaweza kukufuata nyumbani hata baada ya wiki kadhaa.