Meza ya kupaa samaki kwenye boti ndogo: ifungeni kwenye mataruma

Meza yangu ya kwanza ilidumu miezi mitatu. Niliifunga mwenyewe jioni moja hapa Kilwa Masoko, kwa skrubu za kawaida za dukani, juu ya ubao wa ubavuni wa boti yetu ya mbao ya futi 20. Ilipendeza kweli. Kusi ikaingia, na siku moja tukirudi kutoka upande wa Songo Songo, upepo na mawimbi vyote usoni, mdogo wangu akimpasua nguru, wimbi likatunyanyua na kutubwaga. Meza ikang'oka nzima. Nguru akaenda na maji, meza ikamwangukia mdogo wangu mapajani, na kisu kikachoma sakafu kiganja kimoja tu kutoka mguuni pake. Mpaka leo nikikumbuka kile kisu kikitetemeka pale kiliposimama, moyo hunienda mbio.

Tulipofika pwani nilizitazama zile skrubu. Vichwa vilikuwa vizima, mashina yameliwa na kutu yamebaki kama njiti za kiberiti. Ubao nao ulikuwa umepasuka shubiri mbili. Baba mkubwa, ambaye ni fundi wa vyombo, alipitisha kidole kwenye ule ufa, akaniambia, "Mwanangu, huu ubao ni ngozi. Mifupa ya chombo ni mataruma. Mzigo unautundikaje kwenye ngozi?"

Kwa hiyo ndugu yangu mvuvi, kabla hujanunua hata nati moja, ingia botini utafute mataruma mawili, zile mbavu za ndani za boti, yaliyo karibu na unapotaka meza ikae. Miguu ya meza ifungwe hapo, kwa bolti inayopita mpaka upande wa pili, yenye washa pana na nati. Skrubu huuma mbao tu, na mtikisiko wa mashine huilegeza siku hadi siku. Kwa mwenye boti ya faiba, ambako hakuna taruma la kushika, weka kipande cha mbao ngumu kwa ndani ili nguvu isambae, kisha ziba tundu vizuri. Faiba nyingi zina plaiwudi katikati, na maji yakishapenya huko huozesha kimyakimya. Sisi wa mbao tunaziba kwa pamba iliyolowa sifa, yaani mafuta ya samaki, kama kalafati yoyote.

Bolti ziwe za stenlesi. Ukipata zilizoandikwa 316, lipa hiyo tofauti, kwa sababu ndizo zinazostahimili chumvi kuliko zile za kawaida za 304. Na usifunge bolti ya stenlesi kwenye miguu ya alumini bila kutenganisha kwa mpira au plastiki. Vyuma hivyo viwili vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika.

Wengi wanataka meza ya kusimamia, kama ya sokoni. Mimi nakataa. Kwenye boti ndogo, mtu aliyesimama na kisu mkononi yuko hatarini, na uzito ukipanda juu chombo hulewalewa. Yangu ya sasa iko usawa wa kitovu nikiwa nimekaa, na ubao wake una urefu wa sentimita 70 na upana wa 40. Iko ubavuni, nyuma kidogo ya katikati, mbali na mkono wa mashine unapozunguka, na upande wa kuvutia mishipi nimeuacha wazi. Juu nimeweka ubao mnene wa plastiki mweupe, kama wa buchani. Mninga ni mbao nzuri, lakini kila alama ya kisu hunywa damu, na harufu haitoki tena. Pande tatu zina ukingo wa sentimita 3. Upande wa baharini uko wazi na umeinama kidogo, damu imwagike nje badala ya kujaa ngamani, kule chini ndani ya boti.

Usumbufu wote huu ni kwa ajili ya nguru, jodari na kolekole. Samaki hawa wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo hata ukiwapika haiondoki, na mlaji huwashwa mwili na kuumwa kichwa. Kwa hiyo akipanda tu tunamtoa matamvua na matumbo, tunamsuuza kwa maji ya bahari kuu, si ya bandarini, kisha moja kwa moja kwenye barafu. Vibua hatuvigusi, vinaingia kwenye barafu vizima. Na muulize mnunuzi wako mapema, maana wapo wanaotaka samaki na matumbo yake.

Nati za juu nimeweka zile za masikio, zinazofunguliwa kwa vidole. Tukitia nanga tunauchomoa ubao, tunausugua kwa sabuni, unalala nyumbani. Kisu nacho kina ala yake, kipande cha bomba la plastiki kilichofungwa kwenye mguu wa meza. Mdogo wangu ndiye aliyekifunga, upande wa mbali kabisa na miguu yake.