Mmehamia Leaf ya yuniti 40, maswali ndo haya

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu tu kwamba nimeuza gari yangu ya umeme, Nissan Leaf ya 2013, nikachukua ya 2018, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zinaingia mpaka leo. Na sababu naijua: Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwahiyo zile Leaf za mwanzo za betri ya yuniti 24 hazishuki tena bandarini, anayeagiza saa hii anakutana na kizazi cha pili, kile kilichotoka Japani Oktoba 2017 na betri ya yuniti 40 (yuniti ni zile zile za tokeni ya umeme), na ina mambo ambayo ile ya zamani haikuwa nayo kabisa. Wengine mko Dar, wengine mko Uingereza mnaendesha zilizoundwa Sunderland. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi.

Kaka habari ya kazi. Nimetoka kwa Leaf ya 2014 nikachukua ya 2018, ni wiki ya tatu sasa. Hii kitufe ya e-Pedal imenichanganya. Mke wangu anaipenda sana, mimi nikitoa mguu kwa mafuta gari inashikwa kama kuna mtu ameivuta na kamba, alafu pedali ya breki inashuka chini yenyewe bila mimi kuigusa. Huo ni ugonjwa? Na walio nyuma yangu wanajua nasimama?
— Msomaji, Kitengela

Si ugonjwa ndugu yangu, iko sawa kabisa. Ukiwasha e-Pedal, ukilegeza mguu kwenye mafuta mota inageuka kuwa jenereta, inavuta nguvu ya magurudumu na kuirudisha kwenye betri, na pale ambapo mota peke yake haitoshi, mfano unakaribia kusimama kabisa au uko mlimani, gari inajiongezea breki za kawaida. Hapo ndo unaona pedali inazama. Inashangaza mara ya kwanza, mimi nilishtuka nikadhani breki zimeisha. Cha muhimu usiweke kiatu chini ya hiyo pedali, na mazulia ya chini yakae mahali pake. Taa za breki zinawaka zenyewe gari ikipunguza mwendo, walio nyuma wanakuona vizuri.

Shida yako naona ni mguu. Sisi tuliozoea gari za kawaida tunatoa mguu wote kwa mpigo, na kwa e-Pedal ukifanya hivo abiria wanainamia mbele. Legeza taratibu, kama unafungua mfereji kidogo kidogo. Mimi ilinichukua kama siku nne za jam ya Waiyaki Way, siku ya tano nikaona nimefika kazini na breki nimeigusa mara mbili tu. Saa hii hata tuta nalivuka na mguu mmoja na gari ikisimama mlimani inajishika hapo hapo, hairudi nyuma hata inchi, na kwa mtu wa foleni za kupanda mlima hiyo peke yake ni raha ambayo sikuwahi kuipata kwa ile ya zamani.

Nikupe mfano. Mwezi jana nilishuka barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile inayopita kanisa dogo la Waitaliano, malori yamejaa na harufu ya breki zilizoungua mpaka ndani ya gari. Juu nilianza na asilimia 71, chini nikafika na 73, breki sikuikanyaga mpaka kwenye wauza mahindi. Lakini sikiliza hapa: hiyo inawezekana kama betri ina nafasi. Ukichaji mpaka 100 huko Limuru alafu ukaanza kushuka, umeme unaorudi hauna pa kwenda na e-Pedal itakushikia kwa breki za kawaida tu, zitapata moto kama za hao wa malori. Kama unajua unashuka, toka na 80 au 85.

Na mwambie shemeji yangu hapo nyumbani jambo moja. Kama mna gari nyingine ya petroli, siku akiingia kwa hiyo nyingine akumbuke ukitoa mguu haisimami. Na kwa dharura, mtoto akiruka barabarani, e-Pedal haitoshi, mguu uende kwa breki kama zamani. Hiyo desturi isipotee.

Habari za huko. Mimi niko Kinondoni, Dar. Aliyeniuzia aliniambia hii gari inaenda kilomita 400, mimi tangu niinunue sijawahi kuona zaidi ya 230 hata nikichaji ikajaa pomoni. Na kila kitu kwenye skrini ni Kijapani. Nimepigwa?
— Dada wa Kinondoni

Pole dada. Huyo mtu hakuizua hiyo namba, ila hakukueleza imetoka wapi. Kilomita 400 ni kipimo cha Japani kilichoitwa JC08, kinapimwa ndani ya maabara kwa mwendo wa pole pole ambao hakuna binadamu anaendesha hivo. Gari ile ile Wamarekani walipoipima wakapata maili 151, yaani kama kilomita 243. Kwahiyo ukiwa na gari ya miaka saba nane, AC imewashwa kutwa kwa joto la Dar, na unapata 230, mimi nakwambia betri yako iko vizuri, shukuru.

Ila usikubali maneno yangu tu, ipime. Nunua kile kidude kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pakua programu inaitwa LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, joto lake, na kila seli moja moja. Mimi yangu ilisoma 86 siku ya kwanza. Watu wengi wanahesabu vile vistari 12 vya pembeni kwenye dashibodi na kuridhika, lakini kistari cha kwanza hakipotei mpaka betri ishuke kwenye 85 hivi, alafu kuna wajanja wanairudisha hesabu kwa kompyuta vistari vyote vinawaka siku ya kuuza vinazimika baada ya wiki kadhaa. Ukitaka kujua gari kabla ya kulipa, nenda na kidude chako mwenyewe.

Kijapani cha dashibodi kuna mafundi wa programu wanakibadilisha kuwa Kiingereza. Redio na ramani ni ngumu zaidi, wengi wanang'oa wanaweka skrini nyingine. Kabla ya kung'oa hakikisha fundi ameshafanya gari ya aina hiyo, kamera za rivasi zimeungwa huko huko.

Assalaam alaykum. Niko Leicester, natumia Leaf ya 2019, naenda kazini kwa M1. Nikiwasha ProPilot (ule msaada wa gari kushika mwendo na usukani kwenye barabara kuu) kila baada ya muda inanipigia kelele nishike usukani, na mikono iko juu ya usukani! Kaka yangu aliyeko Nairobi anataka anunue yenye ProPilot, nimwambie nini?
— Mama wa watoto watatu

Waalaykum salaam mama. Usukani wa hiyo gari hausikii ngozi ya mkono, unasikia kusukumwa. Ukiushika bila kuutingisha kabisa na barabara imenyooka, yenyewe inadhani umelala. Acha uzito wa mkono mmoja uning'inie upande, itanyamaza. Wengi wanaisifu sana ProPilot kwa foleni za barabara kuu kwa sababu inamfuata wa mbele, inasimama, inaondoka, na mtu unafika nyumbani bado una nguvu ya kupika.

Kaka yako mwambie asiongeze hela kwa ajili ya ProPilot peke yake. Inahitaji mistari ya barabara ionekane pande zote mbili na huku mistari mingi imefutika, mvua ikiwa kubwa nayo usukani inakuachia, na bodaboda wanavyoingia mbele yako ghafla itakuchosha kuliko kukusaidia. Kwenye Southern Bypass alfajiri nimeitumia ikanipendeza. Ngong Road jioni siiwashi.

Shekhe wangu, mimi wa Nyali. Leaf ya yuniti 40 nataka kwenda nayo Nairobi kwa harusi mwezi ujao. Nasikia ukichaji haraka mara ya pili njiani inakuwa pole pole sana. Ni kweli ama ni maneno ya mtaani? Na joto la Mombasa linaiua betri?
— Msomaji wa Nyali

Hili ndo swali lenyewe, na wewe ndo nitakaa nawe zaidi.

Ni kweli. Leaf ya kizazi cha pili ilipofika Ulaya 2018 wenye magari walianza kulalamika haraka sana, wanachaji mara ya kwanza vizuri, wanaendesha kwa kasi, wakifika kituo cha pili umeme unaingia nusu ya kasi au chini ya hapo. Wakaipa na jina, Rapidgate. Nissan walieleza ni ulinzi wa betri isipate joto kupita kiasi, baadaye wakatoa marekebisho ya programu yaliyopunguza makali, lakini programu haiwezi kupoza kitu. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza wala feni, inapoa kwa upepo unaopita chini ya gari tu basi. Ya zamani ilikuwa hivo hivo, ila ilikuwa ndogo na hakuna aliyefikiria kusafiri nayo mbali.

Mimi hapa nasema wazi: walibadilisha sura, wakaongeza e-Pedal, wakaongeza gari kujipaki yenyewe, na kile ambacho mtu wa pwani alikihitaji kuliko vyote hawakukiweka. Mpaka Leaf mpya kabisa ya 2025 ndo betri yake inapozwa kwa maji. Miaka 15 tangu ile ya kwanza! Kwa sisi watu wa joto hiyo ilikuwa iwe ya kwanza kwenye orodha.

Sasa safari yako. Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480, na wewe unapanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yako, na gari yenye wewe na familia ndani inakula kama yuniti 8 kwa huo mlima peke yake, hiyo hesabu haiguswi na uendeshaji mzuri, ni uzito na urefu tu. Kwahiyo uhesabu vituo viwili vya kuchaji, mimi ningepanga vitatu, na kituo cha mwisho ndo kitakuwa cha pole pole. Alafu kuna mdomo wa chaja: Leaf inachaji haraka kwa CHAdeMO na vituo vipya vingi vinaweka CCS. Adapta zimeanza kupatikana ila bei yake si mchezo. Usitoke nyumbani kabla hujapiga simu kila kituo ukauliza mambo mawili, CHAdeMO ipo, na leo inafanya kazi? Ondoka usiku, joto la chini ya lami limeshuka, tembea 80 mpaka 90, usishindane na mabasi. Na ukiona kipimo cha joto cha betri kinakaribia kule kwekundu pumzika chini ya mti, kuiwahisha kwenye chaja unaiongezea homa tu. Kama harusi ni ya mtu wako wa karibu na huwezi kuchelewa, mpendwa wangu nenda na SGR.

Kuhusu kukaa Mombasa, joto linazeesha betri mapema, ndiyo, lakini kinachoiumiza zaidi ni kujazwa 100 alafu ikaachwa juani. Ichaji usiku, mpaka 80 kwa siku za kawaida, na ukipata kivuli cha kupaki kipiganie.

Mbona jirani yangu Leaf yake inajaa kwa masaa 8 na yangu masaa 16 na zote ni 2018?
— Msomaji, Nakuru

Japani ilikuja na chaja ya ndani ya kilowati 3, ya kilowati 6 mtu aliongeza kwa kulipia. Jirani yako ana ya 6. Huwezi kuona kwa nje, uliza kabla ya kuagiza, na wengi wanaouza hata hawajui.

Ila hata hiyo ya 3, tafadhali angalia ukutani kwako. Mimi nilichomeka kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni wiki mbili mfululizo, siku moja asubuhi nachomoa plagi naona uso wa soketi umekuwa rangi ya chai na pini moja inachoma vidole. Fundi aliyeiweka alikuwa amepitisha waya mwembamba wa taa. Ungeshika moto usiku watoto wamelala. Nilivuta laini mpya kutoka kwa meni, waya mnene, breka yake peke yake, na chaja ya ukutani. Gharama hiyo ihesabu pamoja na bei ya gari.

Gari ina chaji asilimia 60 lakini asubuhi imekufa, haiwaki hata taa moja. Betri kubwa imeharibika?
— Msomaji, Thika

Karibu kila mara ni ile betri ndogo ya kawaida ya volti 12 chini ya boneti. Ikilala, gari haiwezi kuamsha ile kubwa hata kama imejaa. Iboost kwa waya za kawaida kutoka gari nyingine, ikiwaka iache kwa nusu saa, alafu jioni hiyo hiyo pitia kwa muuza betri aipime. Kama ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani, badilisha tu, na spana namba 10 ya kufungulia vichwa vya hiyo betri weka kwenye gari.