Wasomaji Wanauliza: Maonyesho ya Picha na Matembezi ya Mwisho wa Juma Mwanza

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Nyegezi. Rafiki yangu mchoraji amenialika kwenye ufunguzi wa maonyesho yake katika ukumbi wa hoteli hapa mjini. Sijawahi kuhudhuria shughuli ya namna hiyo, sina fedha za kununua picha, na naogopa kuulizwa maoni nikakosa la kusema. Je, niende?

Marahaba, kijana wangu. Nenda, tena uende mapema. Mgeni rasmi mara nyingi huchelewa, na akishafika hotuba huanza, vinywaji hupitishwa, watu huzipa picha migongo na kusalimiana. Kwa hiyo ile nusu saa ya kwanza, ukumbi ukiwa bado na watu wachache, ndiyo yenye faida kubwa kwa mtu aliyekuja kutazama. Hakuna atakayekulazimisha kununua. Kando ya kila picha kwa kawaida huwa na kadi ndogo inayotaja jina la kazi, aina ya rangi, vipimo na pengine bei, na ukiona kiduara chekundu kimebandikwa hapo, ujue kazi hiyo imekwisha kupata mwenyewe.

Kuhusu la kusema, mwulize mchoraji namna alivyoifanya kazi yake kabla ya kumwuliza maana yake. Tuseme umesimama mbele ya picha ya wavuvi wa dagaa. Unafahamu kwamba wavuvi hao hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola au betri. Sogea karibu na picha uone kama weusi wa maji ni weusi mtupu, au umechanganywa na buluu na kahawia. Uone kama mwanga wa taa umewekwa kwa rangi nzito iliyopakwa kwa kisu hadi ikavimba, au kama mchoraji ameacha turubai jeupe lionekane kwa chini. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa na uone kama zile alama zinageuka kuwa taa. Rangi ya akriliki hukauka upesi sana, ilhali rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa au zaidi, na aliyetumia mafuta anaweza kuuvuta ukingo wa mwanga uingie majini rangi ikiwa bado mbichi. Ukimwuliza, "Mwanga huu uliuweka mwanzo au mwisho?", utakuwa umempa heshima kubwa kuliko sifa za jumla, na yeye atakueleza mambo ambayo hayamo katika hotuba yoyote.

Maonyesho yakiendelea baada ya siku hiyo, rudi katikati ya juma. Picha uliyoipita bila kuijali siku ya ufunguzi huenda ndiyo itakayokusimamisha.

Mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga kukaa nasi Igoma. Nina watoto watatu wa shule ya msingi. Ningependa Jumamosi tuwapeleke mahali penye sanaa ya huku kwetu, si madukani tu. Unashauri wapi?

Mama, wapeleke Bujora bila kusita. Makumbusho ya Wasukuma yako pale, karibu na Kisesa, katika barabara ya Musoma, na kwa kuwa mnakaa Igoma mko njiani tayari: panda daladala la Kisesa, kisha bajaji kwa ajili ya bibi. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wenyeji. Mtaona ngoma za watemi, vifaa vya wahunzi, nyumba ya jadi na vyombo vya waganga. Msiondoke bila kuingia katika kanisa la pale, lililojengwa kwa umbo la duara na kupambwa kwa alama za utawala wa Kisukuma. Mama mkwe, aliyezoea milango ya nakshi ya pwani, atakuwa na mengi ya kulinganisha.

Mwombeni mwongozaji awaeleze habari za Bagika na Bagalu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo ambalo watoto hawatalisahau. Hivi ni vyama viwili vya ngoma ambavyo vimeshindana Usukumani kwa vizazi. Katika mashindano yao ya jadi, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Fikiria hali hiyo: mtu anayeondoka hapa kwenda kule amekwisha kutoa hukumu kwa miguu yake. Ndiyo maana wachezaji walibuni vituko vya kila namna ili kushika macho ya watu, wakacheza na nyoka, wakatumia dawa, wakarusha majembe katika ngoma ya bugobogobo. Mimi naamini hakuna shule bora ya kumfundisha mtoto kwamba mtazamaji naye ana kazi ya kufanya. Waulize watoto wangesimama upande gani, na kwa nini. Msiwaache wajibu "nzuri tu".

Mgeni wenu akiwapo mwezi wa Juni, ulizieni tarehe za Bulabo, sikukuu ya ngoma inayokwenda pamoja na sherehe ya Ekaristi Takatifu. Watu ni wengi na vumbi si haba, kwa hiyo bebeni maji na kofia.

Nakuja Mwanza kikazi kutoka Dodoma na nina Jumapili moja tu. Napenda kuchora kwa penseli. Niende wapi?

Nenda kisiwa cha Saanane asubuhi, ndugu yangu. Boti huondokea upande wa Capripoint na safari ni fupi. Kisiwa kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kinabeba jina la Mzee Saanane aliyeishi hapo zamani. Mawe yake yanatosha kumaliza daftari lako, lakini subiri jua lipande kidogo: mijusi dume wenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu hutoka kuota jua juu ya mawe, nao hutulia muda wa kutosha kuchorwa. Usioge ziwani ufukweni, kwa sababu ya kichocho. Jioni kaa mkabala na Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio majini karibu na ufuko, jua likizama nyuma yake.

Mimi ni mchoraji wa Ilemela. Nina picha kama ishirini na sina jumba la maonyesho. Nifanyeje ufunguzi wangu mwenyewe?

Tafuta ukumbi wa shule, wa kanisa au wa hoteli, lakini kabla ya kukubaliana na mwenye nyumba nenda ukautazame saa ileile utakayofungua. Madirisha yanayoelekea ziwani upande wa magharibi huingiza jua kali alasiri, na picha yenye varnishi itang'aa mpaka isionekane. Ning'iniza picha ili kitovu chake kiwe kwenye usawa wa macho, yaani sentimeta 150 hivi kutoka sakafuni, na usiweke zote ishirini ikiwa ukuta unatosha kumi na mbili. Picha zikibanana, hakuna itakayotazamwa.

Fungua Jumamosi saa tisa alasiri, si usiku, ili anayetegemea daladala arudi kwake Buswelu au Kisesa bila taabu. Andika bei waziwazi, maana wengi huona haya kuuliza wakaondoka kimya. Weka daftari la wageni lenye nafasi ya namba ya simu.

Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado hujafanya hivyo, na ufahamu kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwanamuziki. Mteja akitaka kuichapisha picha yako kwenye kalenda au fulana, hayo ni makubaliano mengine, yenye malipo yake. Mpe kila mnunuzi risiti inayosema hivyo, nawe ubaki na nakala yenye jina la picha, vipimo na tarehe.