Maskini aliyedhaniwa tajiri: maswali yenu kuhusu filamu zisizo na sauti

Mbona vichekesho vya mapenzi vya enzi hizo vimejaa watu wanaodhaniwa sio?

Kwa sababu lafudhi haisikiki. Mtu akisema humuumbua mdomo wake. Asiposema, mavazi na mwendo ndivyo vinavyomtambulisha. Katika Die Austernprinzessin ya Ernst Lubitsch, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1919, binti wa tajiri wa chaza anafunga ndoa na mtumishi akidhani ndiye mwana mfalme mwenyewe.

Katika filamu ya City Lights, binti kipofu muuza maua alimdhaniaje Charlie Chaplin kuwa tajiri?

Hapo ndipo ninapompendea Chaplin. Ilikuwa 1931, Hollywood imeshahamia kwenye filamu za kuzungumza, naye akashikilia ukimya na muziki ambao sehemu kubwa aliutunga mwenyewe. Akahangaika mno na swali lako hilihili, akarudia onyesho lile mamia ya mara. Jibu alilopata ni mlango wa gari. Mzururaji, yaani mhusika anayeigizwa na Chaplin, anakwepa msongamano kwa kupita ndani ya gari lililosimama, anatokea upande wa pili, anaufunga mlango. Sisi hatusikii kitu. Tunamwona binti akigeuka na kumnyooshea ua. Kwake, mwenye gari ni mwenye pesa. Kisha tajiri wa kweli anapanda gari lilelile na kuondoka, naye binti anaamini mteja wake ameenda bila kusubiri chenji. Mzururaji angeweza kusema, "Bado nipo." Badala yake ananyata asimvunje moyo. Mapenzi yote ya filamu ile yameanzia kwenye kunyata huko. Mwishoni, macho yakiwa yamepona, binti anamtambua kwa kumshika mkono.

Kuna ambayo tajiri ndiye anayejificha?

Ipo, My Best Girl ya 1927. Mary Pickford ni mfanyakazi wa duka kubwa, anamfundisha kazi kijana mgeni bila kujua kwamba ni mtoto wa mwenye duka, aliyejiandikisha kwa jina lingine. Kijana huyo aliigizwa na Charles Rogers. Mwaka 1937 wawili hao wakaoana kweli.

Nianze na ipi nikiwa na watoto?

The Idle Class, 1921. Ni fupi, kama nusu saa hivi. Chaplin anaigiza wawili: mzururaji, na mume tajiri mlevi anayekwenda dansa ya mavazi ya kujigeuza akiwa ndani ya deraya, kifuniko cha uso kimegoma kufunguka. Mke anamkuta mzururaji, anadhani ndiye mumewe, anamsamehe yeye makosa ya mumewe. Watoto wataelewa bila kutafsiriwa.