Umealikwa harusi Santorini? Anza na pasipoti, gauni litafuata

Mwaliko wa harusi ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ukiingia kwenye simu, watu wa kwetu huanza na nguo. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, rangi zinabishaniwa, fundi anapigiwa. Mimi nilikwenda kumsindikiza mtoto wa mama mdogo, anayeishi Ujerumani na aliyeolewa na Mgiriki, na haya ndiyo ninayowajibu mashangazi na marafiki wanaoniuliza tangu picha zilipoanza kuzunguka.

Kwetu mgeni wa harusi hupokelewa. Anashuka stendi, kuna kijana katumwa kumchukua, analala kwa ndugu, anakula kilichopikwa uani. Kule kisiwani hakuna nyumba ya shangazi. Maharusi wenyewe wako hotelini kama wewe, na siku zile hawana hata muda wa kushika simu. Nauli, kitanda, teksi na chakula cha siku zisizo na sherehe ni juu yako. Piga hesabu hiyo kabla ya kujibu mwaliko. Ukiona haiwezekani, mpigie bibi harusi umwambie mapema, wala hatakununia: chakula cha ukumbini kinalipiwa kwa kichwa, na anayejibu "inshallah nitakuja" mpaka wiki ya mwisho anamtia hasara kuliko aliyekataa.

Ukishasema ndiyo, kamata pasipoti. Ugiriki iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila usiende na hizo 15. Majira ya joto nafasi za miadi hujaa na mafaili hukaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudi ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka huko. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Kisha uliza ni ubalozi gani unaoshughulikia maombi ya Ugiriki kwa nchi unakoishi, maana huenda ukalazimika kusafiri kwa ajili ya alama za vidole tu.

Mwombe bibi harusi barua ya mwaliko yenye tarehe na mahali pa sherehe, uiambatanishe na barua ya mwajiri inayoonyesha una kazi ya kurudia. Taarifa ya benki nayo inasomwa kwa makini. Pesa nyingi iliyoingia juzi kutoka kwa kaka, bila maelezo, inaleta maswali. Kama kaka ndiye anayekulipia, andikeni hivyo waziwazi na aweke taarifa zake. Jambo jingine: viza ya kuingia mara moja ni ya mara moja kweli. Wenzako wakipanga kutoka Athens kwenda Istanbul, ambako ni nje ya Schengen, kutembea siku mbili halafu warudi Athens, wewe utabaki Istanbul.

Kutoka Dar au Nairobi wengi hupitia Doha, Dubai au Istanbul hadi Athens. Hapo ndipo watu hubishana: ndege au meli? Ndege ya Athens hadi Santorini haifiki saa nzima. Meli hutoka bandari ya Piraeus, na treni ya chini ya ardhi inakutoa uwanja wa ndege mpaka bandarini bila kubadilisha. Meli za mwendo kasi huchukua kama saa 5, zile kubwa za kawaida karibu saa 8. Mimi ni mtu wa zile kubwa. Zina sitaha ya kukaa nje, zina mkahawa, na hazirukiruki sana. Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, na aliyewahi kuvuka kwenda Unguja wakati wa kusi, watu wameshika mifuko na macho wameyafumba, anajua boti ya kasi inavyokuwa. Tofauti ni kwamba Unguja unafika baada ya saa mbili hivi. Meza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda, usisubiri kichwa kizunguke.

Upepo huo ukizidi, mamlaka huzuia vyombo kutoka bandarini. Kwa hiyo usifike siku ya harusi, wala usipange meli ya asubuhi kuunganisha na ndege ya jioni ya kurudi nyumbani. Weka usiku mmoja Athens upande wa kwenda na mmoja upande wa kurudi. Watu huona ni pesa ya bure mpaka siku upepo unapogoma. Na kama tiketi inayobadilishika imezidi bei kidogo tu, ichukue: mwanzoni mwa 2025 kisiwa kilitikiswa na matetemeko mfululizo, maelfu ya watu wakaondoka kwa wiki kadhaa.

Sasa malazi. Picha zote unazoziona, nyumba nyeupe na kuba za buluu, ni za Oia, Imerovigli na Fira, kwenye ukingo wa bonde la volkano. Pazuri, lakini ni ngazi. Ngazi za kushuka kutoka barabarani hadi mapokezi, tena kutoka mapokezi hadi chumbani, na sanduku la magurudumu halina kazi hapo. Vijana wa hoteli hulibeba begani. Ukisafiri na mama mwenye magoti mabovu, mwandikie mwenye hoteli umuulize ngazi ni ngapi mpaka kitandani. Kamari na Perissa, upande wa pili, ni tambarare, bei ni nafuu, na bahari iko mlangoni, ingawa mchanga wake mweusi huunguza nyayo mchana. Mabasi yapo na karibu yote hupitia Fira. Teksi ni chache, kwa hiyo usafiri wa kurudi usiku wa harusi upangeni kabla, mkodi gari dogo la pamoja. Weka pia akiba ya kodi ya serikali kwa kila chumba kwa kila usiku. Msimu wa watalii hufika euro 15 kwa hoteli za nyota tano, na mara nyingi hulipwa mapokezi, nje ya bei uliyoiona mtandaoni.

Saa hutabadilisha. Majira ya joto Ugiriki na Afrika Mashariki zina saa ileile. Lakini jua la Juni na Julai linazama karibu saa mbili na nusu usiku, ndiyo maana kadi huandika 18:30 au 19:00: wanataka ndoa ifungwe juani na picha zipigwe machweo. Chakula cha usiku kinaanza pale ambapo kwetu watu wanatafuta gari la kurudi. Kula kitu saa kumi. Na wewe unayeswali, magharibi utaikuta katikati ya sherehe, jipange.

Nguo? Kitenge kinapendeza sana kwenye ukuta mweupe. Ila upepo wa ukingoni hauheshimu mtandio wala dera. Beba pini za kutosha. Viatu vya kisigino chembamba viache Dar. Njia ni za mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watalii, yanateleza hata yakiwa makavu.

Ndoa tuliyohudhuria ilikuwa ya Kiorthodoksi. Maharusi huvishwa mataji mepesi yaliyounganishwa kwa utepe, wanaizunguka meza mara tatu, na wageni wanawarushia mchele. Mama mdogo alishika ngumi yake ya mchele muda mrefu, akanong'ona, "Jamani, mchele wote huu," kisha akarusha kwa nguvu kuliko Wagiriki. Wakati wa kuondoka utapewa kifurushi cha lozi zilizopakwa sukari, idadi yake witiri daima, kwa kuwa haigawanyiki kwa mbili.

Kwa asiyekula nguruwe, angalia gyros za mitaani, nyama ya kuchoma inayofungwa kwenye mkate: nyingi ni nguruwe. Sema "kotopoulo", utapewa kuku. Fava ya Santorini ni punje za manjano za jamii ya kunde zilizopondwa na mafuta ya zeituni na kitunguu, na mtu wa pwani hataishangaa.

Zawadi iwe bahasha, au doti ya kanga kwa mama mkwe. Seti ya vyombo mpelekeeni bibi harusi akija nyumbani, kwa sababu akiipokea Santorini ni yeye atakayeibeba kwenye zile ngazi, kisha ailipie mzigo mpaka Ujerumani.